Pilipili mbuzi nayo inafungwa kamba: kuikunja na kuipogoa ukiwa na kikabati tu cha kulimia

Wadau habari zenu. Mwenzenu niko Malmö huku Sweden, Desemba jua linachomoza saa mbili na nusu asubuhi na saa tisa na nusu mchana lishazama, na bado nakula pilipili mbuzi niliyoichuma mwenyewe chumbani, sasa kila nikirusha picha watu wanauliza mbegu gani, taa gani, mbolea gani. Hakuna anayeuliza kuhusu kamba. Na kamba ndio kila kitu jamani, mimi taa yangu ya kawaida tu na mbegu nilitoa kwenye pilipili iliyonunuliwa duka la Wasomali hapo mtaani.

Siku moja naongea na mama kwa video, yeye yuko Tanga, nikamgeuzia simu aone shamba langu. Akakaa kimya kidogo halafu akasema, "Sasa mwanangu, pilipili mbuzi ndio umeifunga kamba kama mbuzi kweli, inakimbilia wapi?" Tukacheka sana. Ila swali ni zuri na jibu lake ndio hili naandika, inakimbilia juu. Ukiiacha itakimbilia kwenye taa hadi iungue.

Tupige hesabu kwanza maana watu wengi wanaruka hapa. Kikabati changu ni tenti la kulimia ndani ya nyumba, sentimita 60 kwa 60, urefu 140. Hiyo 140 usiichekelee, ndoo ya udongo inakula 25, taa na minyororo yake inakula 15, na kati ya taa na jani la juu lazima ubakize kama 35 la sivyo majani yanajikunja kingo kwenda juu na kupauka. Toa hizo zote, unabaki na sentimita 65 za mmea. Pilipili mbuzi ukiiacha ifanye inavyotaka inafika mita moja bila shida, kwa hiyo au uikunje au uikate, na mimi msimamo wangu ni kamba kwanza mkasi baadaye. Kila ukikata mmea unapoteza siku kadhaa kujiuguza, ukiukunja haupotezi karibu kitu, kesho yake asubuhi ushageuza majani yote kutazama taa kama vile hakuna kilichotokea.

Kuotesha sitakaa sana. Mbegu zinataka joto, nyuzi 25 hadi 30, na hii jamii ya mbuzi ni mivivu, nyingine siku kumi nyingine hadi wiki nne, usiichimbue kuangalia kama imekufa. Ikitoa majani halisi mawili matatu (yale yanayofuata baada ya yale mawili ya kwanza yanayotoka na mbegu) hamishia kikopo, baadaye ndoo ya lita 10 au zaidi. Kwenye 60 kwa 60 weka miche miwili, basi. Mimi mwaka wa kwanza niliweka minne kwa uroho, ikasongamana, katikati hakuna hewa, nikavuna kidogo kuliko hii miwili ya sasa. Taa yangu ni LED ya wati 100, inawaka saa 15 kwa siku kwa taima, yaani yuniti moja na nusu kwa siku, yuniti 45 kwa mwezi, anayenunua umeme wa LUKU ashaelewa kwa nini sitaki mwanga hata kidogo uishie sakafuni.

Haya, sasa kwa nini mmea unakimbilia juu. Kile kichomozi cha juu kabisa, ile ncha changa, inatengeneza homoni inayoshuka chini na kuyaambia macho yote, yaani vichipukizi vilivyolala kwenye makwapa ya majani, yatulie, yasiamke, bosi yupo. Ndio maana unaona mti mmoja mrefu na pembeni hamna kitu. Ukiondoa bosi, au ukimlaza akawa sawa na wenzake, yale macho yanaamka na kila moja linakuwa tawi. Mchezo wote ni huo, mengine ni ufundi wa mikono.

Njia ya kwanza ni kukata ncha. Subiri mche uwe na majani halisi kama nane, uwe na afya, shina limeanza kuwa na nguvu. Hesabu kutoka chini, acha majani matano au sita, kata juu ya jani la mwisho unaloliacha, ukibakiza kijishina kama nusu sentimita juu yake ili kidonda kikikauka kisishuke hadi kwenye jicho. Mkasi uwe mkali na umeufuta na spiriti. Wanaovuta sigara wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mmea, sio ushamba, kuna kirusi cha tumbaku kinachoishi kwenye sigara na pilipili ni ndugu yake tumbaku, anakipata vizuri tu. Ukishakata usifanye kitu kingine, usihamishe ndoo, usiongeze mbolea, usimwagilie kwa huruma. Ndani ya wiki moja au mbili utaona kwapani kuna vitu vidogo vya kijani vinachungulia.

Lakini hapa nabishana na video nyingi. Pilipili sio kila mmea, yenyewe kwa asili yake ikifika kimo fulani inatoa panda, lile umbo la manati, na ua la kwanza linakaa hapo hapo katikati ya panda. Kutoka hapo kila tawi linagawanyika mawili, kisha mawili tena. Kwa hiyo kama mche wako umeshatoa panda ukiwa mfupi, sentimita 20 hivi, mkasi wa nini? Unakata ulichokuwa unakitafuta. Na pilipili kichaa ndio usiiguse kabisa, ile inajitawanya yenyewe kama kichaka. Mkasi ni kwa ule mche ulionyooka kama mlingoti wa bendera, majani kumi na mbili na hakuna dalili ya panda, mara nyingi ni kwa sababu taa ilikuwa mbali ukiwa mdogo.

Sasa tuje kwenye kamba, hapa nitakaa.

Kwanza andaa ndoo. Mimi natoboa matundu manane kuzunguka mdomo wa ndoo kwa msumari wa moto (fungua dirisha, mimi king'ora cha moshi kilipiga kelele jengo zima likanijua). Kamba usitumie uzi mwembamba wala waya mtupu, unakata shina kama jibini. Nachana kanga kuukuu vipande vya upana wa kidole, laini, havikati, na mmea ukinenepa kitambaa kinakubali. Waya uliovikwa plastiki nao mzuri kwa kupinda kama ndoano.

Kukunja nako kuna saa yake. Usikunje ukiwa umetoka kumwagilia, shina limejaa maji limekaza kama tango, litasema taki. Subiri udongo uwe umeanza kukauka, mmea umelegea kidogo sio kunyauka, hapo shina linakuwa na utii. Shika shina chini kabisa kwa mkono mmoja, vidole viwili vikiwa pande zote mbili za sehemu itakayopinda, mkono mwingine ndio unashusha ncha taratibu kuelekea mdomo wa ndoo. Utasikia kwenye vidole, sio masikioni, kuna mahali shina linagoma. Ukifika hapo simama. Funga hapo hapo hata kama bado hujafika unapotaka, kesho utaongeza. Watu wanataka kulaza mmea siku moja hadi chini, ndipo unavunjika. Mimi nachukua siku nne tano, kila siku nakaza fundo kidogo, kama mtu anayekaza kamba za kitanda cha teremka tukaze.

Na kabla ya kushusha ncha funga kwanza nanga upande wa pili, yaani kitambaa kingine kinashika shina chini kikilivuta upande usio wa kukunja. Usipoweka nanga utavuta mmea mzima na mizizi inainuka upande mmoja. Hili sikuambiwa na mtu nimelijua kwa kuharibu.

Kesho yake uangalie, majani yote yamejigeuza. Baada ya siku chache ile ncha iliyolala inainua kichwa tena, na yale macho yaliyokuwa kivulini sasa yako juu yanaota mwanga, yanapanda kama askari kwenye mstari. Hapo unaanza kuyagawa, hili unalivuta kulia, hili kushoto, hili unaliacha. Lengo ni kuangalia kwa pembeni, usawa wa jicho, uone juu pametandazika kama meza. Tawi lolote linalozidi wenzake kwa vidole vinne linavutwa chini, fupi linaachwa lipumue. Taa ni moja na iko juu, tawi refu linalazimisha uinue taa, ukiinua taa wafupi wote wanapata makombo. Kwa hiyo huyo mrefu mmoja anawaibia wote.

Likivunjika je? Litavunjika tu siku moja, usipige kelele. La kwangu lilipasuka kwenye panda kabisa, tawi zima linaning'inia kwa ngozi, nikaona nyama nyeupe ya ndani inatoa maji, moyo ukaniruka. Kama bado ngozi upande mmoja imeshika, rudisha haraka vile vile lilivyokuwa, nyuzi za ndani zigusane, zungushia tepu ya umeme au plasta bila kukaba sana, weka kijiti cha pembeni kama gango, na uache wiki mbili tatu. La kwangu liliungana na pale palipovunjika pakawa na nundu ngumu, na lile tawi likazaa kama mengine. Kama limekatika kabisa usihangaike kubandika, safisha kidonda kwa kukata vizuri, na hilo tawi lililokatika litie kwenye glasi ya maji dirishani baada ya kutoa majani ya chini, pilipili inatoa mizizi ingawa polepole, wiki mbili hadi nne, na sio kila kikonyo kitakubali.

Baada ya kutandaza ndio mkasi unarudi, na hapa ndipo wengi wanakosea, mimi nikiwa wa kwanza. Kuna vya kutoa bila kufikiri, majani yanayogusa udongo, majani ya njano, na vile vichipukizi vyembamba vilivyo chini ya panda, kwenye shina kuu, ambavyo havitafika juu kwenye mwanga hata uvisomeshe. Vile vinakula tu na kuziba hewa. Toa hadi shina la chini liwe wazi kama kiganja kutoka kwenye udongo. Pia matawi yanayoota kuelekea ndani katikati, na mawili yanayosuguana, mmoja aondoke.

Zaidi ya hapo shika mkono. Jani ndio jiko la mmea. Mwaka jana niliona video ya jamaa anakwangua majani karibu yote ati mwanga upenye, nikajaribu kwenye mche wangu bora ukiwa na maua, nikatoa zaidi ya nusu kwa jioni moja, nikajisikia fundi. Baada ya siku tatu maua yalikuwa yanaanguka kama mvua ya manyunyu, sakafu ya tenti nyeupe, na mche ukakaa karibu wiki tatu bila kusogea. Siku hizi sheria yangu ni robo ya majani kwa mkupuo ndio mwisho, halafu wiki moja hadi mbili bila kugusa. Na jani kubwa linaloziba ua au tawi changa, kabla hujalikata jaribu kulisukumia chini ya tawi lingine, mara nyingi linakaa huko na linaendelea kufanya kazi. Ikishabeba matunda mkasi uweke kabatini, toa ya njano tu.

Maua ya mwanzo mwanzo, mche ukiwa bado mdogo haujajaza nafasi yake, mimi nayachuma. Inauma lakini tunda moja la mapema linavuta chakula chote na mche unadumaa. Ukishatandaza meza yako uache maua yakae. Ndani ya nyumba hakuna upepo wala nyuki, ua la pilipili linajichavusha lenyewe ila linataka kutikiswa, kwa hiyo saa nne tano asubuhi kigonge kile kitambaa kwa kidole, tawi litikisike, au gusisha mgongo wa mswaki wa umeme kwenye kikonyo sekunde mbili. Mke wangu ashanikataza kutumia wa kwake. Feni ndogo iwe inazunguka muda wote taa ikiwaka, sio tu kwa maua, shina linalotikisika linakuwa nene na ukilikunja halivunjiki ovyo.

Maua yakianguka usikimbilie mkasi wala mbolea, angalia joto kwanza. Mchana likizidi nyuzi 32 hivi au usiku likabaki juu ya 24 ua linajidondosha, na usiku wa baridi chini ya 15 vile vile. Tenti linapika jamani, taa ikiwa imewaka na mlango umefungwa unaweza kukuta 34 huku nje theluji. Wenzangu wa Dar mkijaribu kwenye kibaraza taa hamhitaji, mnayo ya Mungu, ila usiku wa Februari ndio utakaowasumbua, subirini Juni Julai mtaona maua yanavyoshika. Kamba ni ile ile, tena kibarazani inasaidia mmea usipigwe na upepo. Sababu nyingine ya maua kuanguka ni mbolea ya naitrojeni nyingi, mmea unakuwa kijani cha kutisha majani makubwa kama ya kisamvu na tunda hakuna. Yakianza maua nahamia mbolea ya nyanya yenye potasiamu nyingi, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Maji, mwagilia ndoo ikiwa nyepesi ukiinyanyua, mwaga hadi yatoke chini, kisha acha. Ukimwagilia leo lita mbili kisha usahau siku nane, tunda linaoza kitako, doa la kahawia kama ngozi iliyoungua, watu wanadhani ni ugonjwa kumbe ni kalsiamu kushindwa kufika kwa sababu maji yanakuja kwa kubahatisha.

Faida moja ya kupogoa ambayo sikuitegemea ni kwamba unamshika kila tawi kila wiki, kwa hiyo wadudu unawaona mapema. Vidukari wanapenda ncha changa na chini ya majani, ukiona jani linanatanata geuza. Utitiri unaacha vidoa vidogo vya njano na utando kama wa buibui, unakuja hewa ikiwa kavu. Mimi naipeleka ndoo bafuni naigeuza kidogo naiosha chini ya majani kwa maji ya bomba, kisha maji yenye sabuni kidogo, taa ikiwa imezimwa, narudia baada ya siku tatu nne. Sipulizi sumu chumbani ninapolala.

Tangu kuhamishia ndoo kubwa hadi tunda jekundu au la njano ni miezi mitatu hadi minne kwa hii ya mbuzi, kwa hiyo ukiona mwezi wa pili bado kijani tulia. Kuchuma tumia mkasi usivute, ukivuta linakuja na tawi, na tawi ulilofunga kamba miezi mitatu likivunjika kwa sababu ya tunda moja utajilaumu. Na vaeni glavu wakati wa kukata, ule utando mweupe wa ndani unaoshika mbegu ndio wenye moto wenyewe, mbegu zinawasha kwa kugusana nao tu.

Na mkimaliza kuvuna msing'oe. Watu wengi hawajui pilipili sio mmea wa msimu mmoja, ni mti unaoishi miaka. Mimi nikishavuna nafungua vitambaa vyote, nakata matawi nikibakiza vidole viwili vitatu juu ya kila panda ya kwanza na ya pili, mche unabaki kama mkono wenye vidole vilivyokatwa, sura mbaya kweli. Natoa majani yote, naweka dirishani penye ubaridi wa nyuzi 12 hadi 15, maji kikombe kimoja kila baada ya wiki mbili. Mwezi Februari naurudisha kwenye taa, nabadilisha udongo wa juu, na ndani ya wiki chache yale mashina yaliyokuwa yanafanana na kuni yanatoa vichomozi vya kijani kila upande, na safari hii mizizi ni ya mtu mzima kwa hiyo unaanza kula mapema kuliko jirani aliyeanza na mbegu. Huu nilionao sasa uko mwaka wa tatu, shina limekuwa gome kama la mti wa nje, na lile nundu la pale ulipovunjika bado lipo. Vile vitambaa vya kanga navifua naviweka. Mama ameshaahidi kuniletea kanga nyingine kuukuu kwa mtu anayekuja mwezi ujao, ila ameuliza kama na majani nitamkatia mbuzi.